Goti la Bi Batuli na Mwizi wa Birika

Bi Batuli alirudi Tabora na goti jipya la chuma, na karatasi ya mazoezi: kunja, nyoosha, tembea, kila siku. Goti lisipokunjika, cherehani ya kukanyaga haiendi. Na Nanji, mwenye duka la vitambaa ambaye Bi Batuli alishona barazani kwake miaka ishirini na sita, alishasema kwa upole wake: "Shule zikifunguliwa nataka fundi kwenye kiti, mama. Usipokuwa wewe, atakaa Modest."

Ilibaki miezi miwili. Wageni wakaingia.

Mgonjwa mwenye ndugu hanyanyuki; akinyanyuka, ndugu wanaaibika. Wifi yake Asmahani akatandika mkeka mlangoni, akamlinda asitembee. Kila aliyeleta pole alikula ubwabwa, akauliza kama goti la chuma hushika kutu, akamkataza kushusha mguu. Karatasi ya mazoezi mtu aliifungia karanga. Kwa huruma yao, wiki ya tatu goti lilikakamaa kama mchi.

Ndipo akaja Sabiri, Mzaramo, mstaafu wa reli, jirani wa nyumba ya tatu. Utani wa Wazaramo na Wanyamwezi, kabila la Bi Batuli, ni wa tangu enzi za misafara ya pwani: mtani hukutukana ukiwa kitandani, hubeba chako mchana kweupe, na ukikasirika umeshindwa.

"Mtani, bado hujafa?" aliuliza. "Nimefuata pilau ya matanga, naona mnanichelewesha."

"Kaa ungoje," Bi Batuli akasema. "Kungojea chakula ndiyo kazi yenu Wazaramo."

"Babu zako walibeba pembe kwa miguu hadi Bagamoyo. Wewe chooni unapelekwa kwa maandamano."

Akachukua birika la chai, akatoka nalo. Asmahani akainuka.

"Kaa, shemeji," Sabiri akasema. "Kilichobebwa na mtani hufuatwa na mwenyewe."

Bi Batuli alilifuata, kwa fimbo na matusi, akalikuta ukumbini. Kesho yake ndala zake zilikuwa kwa muuza mkaa. Wiki iliyofuata redio yake ilisikika kwa kinyozi. Wageni walilaani ukatili huo huku wakiongezewa mchuzi. Hawakuona alichokiona Bi Batuli: kila kilichoibwa kiliwekwa juu ya kikalio kilichotoka nyumbani kwa Sabiri, apate pa kupumzika. Mwanzo kilikuwa kiti, halafu stuli, mwisho kigoda kifupi ambacho hukikalii bila kukunja goti. Siku ya kigoda alilia, na Sabiri akageukia ukutani akajifanya anasoma tangazo. Na fimbo, iliyokuwa rahisi kuibwa kuliko vyote, hakuigusa hata mara moja.

Siku tatu kabla ya shule kufunguliwa, uliibwa mkanda wa cherehani, ule aliouficha chini ya godoro ili Modest asiutumie. Alijua pa kuufuata. Aliukuta barazani kwa Nanji, juu ya kiti chake mwenyewe. Modest alikuwa amesimama kando, ameshika futi.

Bi Batuli aliketi, akavisha mkanda, akakanyaga. Goti liliuma. Gurudumu likazunguka.

Modest akaikunja futi yake. Nanji akaleta jora la kaki mwenyewe.

"Nipime suruali," Sabiri akasema. "Pilau ya matanga yako nimeikatia tamaa."

Alimpima. Asmahani sasa anasimulia mpaka Nzega jinsi alivyomuuguza wifi yake, na Bi Batuli hambishii. Ila suruali ya Sabiri aliiongezea mfuko wa tatu, mpana, wa kuwekea vya wizi.