Gari Lililojua Kwa Mama

Dukani walimwita Dada Miwani, na jina likamganda mpaka mtaani, ingawa miaka hamsini ilikuwa imeshampita na huo udada umebaki wa heshima tu. Kazi yake ilikuwa kupima watu macho na kuwachagulia fremu. Hakuolewa. Aliishi na mama yake mpaka mama alipofariki, na baada ya msiba, watu walipokwisha kutawanyika, akajikuta mtu mzima mwenye nyumba nzima, hana wa kumwambia kwamba amerudi. Redio aliendelea kuisikiliza kwa sauti ya chini kila alasiri, kwa sababu saa hizo mama alikuwa akilala.

Ndipo akanunua gari. Halikuwa jipya, lilikuwa limepitia mkono wa mtu mmoja kabla yake. Katikati ya dashibodi palikuwa na skrini ya ramani, na muuzaji wa yadi aliisifia kama anayesifia mtoto wake wa kumzaa.

"Mwezi huu unaitumia bure," alimwambia. "Baada ya hapo unalipia kwa mwaka. Wanakuwekea ramani mpya, wanafuta na mambo yote ya mwenye gari wa kwanza. Ukilipa, mama, wewe na kupotea basi."

Mdogo wake, fundi wa majokofu, alipokuja kulikagua gari alicheka mpaka akaegemea boneti.

"Dada, unatoka nyumbani unakwenda dukani, unatoka dukani unarudi nyumbani. Utapotelea wapi? Na simu yako ina ramani, tena ya bure, inajua mpaka foleni. Hao wanataka kukukamua."

"Kwani nimesema nitalipa?"

"Nakujua. Ukisifiwa kitu unalainika."

Akazungumza kidogo habari za watoto wake, akaangalia saa, akaondoka. Kulikuwa na jokofu la bucha linamsubiri.

Jumamosi iliyofuata duka lilifungwa mchana. Dada Miwani aliketi garini, injini inanguruma, na mwili hautaki kurudi nyumbani. Akaanza kubonyezabonyeza skrini, hivi na hivi, mpaka yakatokea maeneo matatu aliyoyahifadhi mwenye gari wa kwanza. Nyumbani. Kazini. Kwa Mama.

Aliyatazama maneno ya mwisho. Akili zake zilikuwa timamu. Alijua fika kwamba huyo ni mama wa watu. Lakini siku nyingi zilikuwa zimepita bila mtu wala kitu kumwambia aende kwa mama. Akabonyeza.

Sauti tulivu ya mwanamke ikaanza kumwongoza. Ikampitisha kwenye maduka ya mbao, ikamvusha daraja, ikamwingiza mitaa asiyoijua. Mahali fulani ikamwambia apinde kulia, na kulia palikuwa na ukuta mrefu wa kiwanda, rangi haijachakaa hata kidogo. Ramani ilikuwa ya zamani. Akasimama kando, akatoa simu, na simu ikamwonyesha barabara ya kuzunguka bila taabu. Mdogo wake alisema kweli. Ila simu ile, pamoja na ujuzi wake wote, haikujua Kwa Mama ni wapi. Akazunguka ukuta kwa msaada wa simu, kisha akaifuata tena ile sauti ya skrini, ikamfikisha mbele ya geti la kijani.

Hajazima injini, geti likafunguka. Mwanamke mzee alitoka mbiombio, kandambili moja mguuni na nyingine anaivalia njiani.

"Nimesikia mlio nikajua ni wewe," alisema akiinamia dirisha. Kisha akamwona aliyeshika usukani. Tabasamu halikuondoka mara moja. Lilibaki usoni kama mgeni asiyejua akae wapi.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Gari la mwanangu hili. Amepata ajali?"

"Hapana, mama. Mimi nimelinunua."

"Umelinunua lini?"

"Mwezi haujaisha. Lakini lilikaa yadi muda mrefu kidogo."

 Mama yule alipitisha kiganja juu ya paa la gari, taratibu, kama anayepapasa kichwa cha mtoto mwenye homa. "Kila akipiga simu ananiambia haji kwa sababu gari liko gereji," alisema. "Nikawa nawaza, gereji gani hiyo, wanatengeneza gari au wanaunda meli?"

Dada Miwani alitamani ardhi ipasuke immeze. Alikuwa amefuata faraja yake mwenyewe, akaishia kubisha hodi kwa mtu na habari ambayo hakuna aliyemtuma kuileta. Akaomba radhi, akasema angeondoka.

"Uondoke uende wapi? Nimeshatenga chai. Ingia."

Wakanywa chai sebuleni. Mama alimuuliza aliko mama yake, akaambiwa ameshatangulia. Akampa pole, asichimbe zaidi. Simu yake alipoitazama aliishika mbali, mkono umenyooka wote, na Dada Miwani hakuweza kujizuia. Akamsimamisha mlangoni, akamsomesha kalenda ya ukutani, jicho moja moja, na kumwahidi miwani.

Kabla hajaondoka, mama aliomba aione hiyo ramani. Akaketi kiti cha abiria, akasomewa maneno.

"Ameandika mwenyewe?"

"Bila shaka."

"Nyumba hii ndiyo iliyomlea. Njia ya hapa ya kuandikiwa kwa nini?"

Dada Miwani aliyagusa maneno yale kwa kidole. "Labda alipenda tu kuliona jina," alisema.

Mama alimgeukia. "Wewe una maneno mazuri," alisema, na haikueleweka kama ni sifa au ni kumhurumia.

Mwezi wa bure ukaisha. Muuzaji alipiga simu, Dada Miwani akamwambia ahsante, hatalipa. Alikopaswa kwenda alikujua, na kwingine simu ingetosha. Mdogo wake aliposikia alimpongeza kama aliyefaulu mtihani. Hakumweleza zaidi, naye hakuuliza.

Miwani ilipokuwa tayari aliipeleka, Jumamosi tena, njia yote kichwani. Kando ya geti la kijani palikuwa na gari jipya, refu, linang'aa. Alitaka kupitiliza, lakini mwanamume mmoja alikuwa getini na alikuwa ameshaliona gari lake la zamani. Alisimama wima, mikono haijui iende wapi.

"Ndiye wewe," alisema.

"Nimemletea mama miwani."

Akaipokea. "Hakunigombeza, unajua? Alinipigia akasema, gari limefika, wewe umebaki wapi. Basi. Akakata."

 Mwanamume alikuwa na macho ya mama yake, na mikunjo ya mtu ambaye halali vizuri.

"Nilikuwa nasema nitakuja wiki ijayo," aliendelea. "Nikiikosa wiki, naona haya kuja ile nyingine. Karibu ndani."

Ndani kulisikika vicheko vya watoto na sauti ya mama ikiwakataza kitu bila ukali. "Nani huyo getini?" mama aliita.

"Mtu wa miwani, mama."

"Aingie basi."

"Mwambie nimeharakishwa na kazi," Dada Miwani alisema. "Aivae kidogo kidogo siku za mwanzo, asije akapata kizunguzungu."

Duka lilikuwa limefungwa tangu mchana; hakuna kazi iliyomharakisha. Aligeuza gari mwisho wa mtaa, akapita tena mbele ya geti. Lilikuwa wazi bado. Mama alikuwa ameketi barazani, mjukuu magotini, miwani mpya puani, anamkagua mtoto uso kwa makini, paji, pua, kidevu, kama anayemwona kwa mara ya kwanza. Hakuinua macho kwa mlio wa injini.

Dada Miwani alifurahi kwa ajili yake, na furaha hiyo ilikuwa ya kweli. Aliendesha polepole mpaka darajani, akaegesha pembeni, akakaa garini mpaka taa za barabarani zikaanza kuwaka moja baada ya nyingine.