Mto Chini ya Kitanda cha Santa

Santa alikuwa akichuja chai maji ya mto yalipoingia chumbani kwake, katika kambi ya polisi. Hayakupita mlangoni. Yalipanda kutoka kwenye saruji, ya baridi, yakamfika magotini. Aliinua godoro akaliweka juu ya kabati, akaendelea kuchuja.

Mumewe, Odyek, askari polisi, alikuwa akilinda bwawa la umeme kwenye mto Nile, kule kaskazini. Mwaka uliopita alipotea, na wakubwa wakasema ametoroka kazi.

Haukupita muda majani yakaota sakafuni, marefu kama mikanda, yakilalia upande yaliko­elekea maji. Santa akazijua tabia za majani hayo. Bwawa kule kaskazini lilipofunguliwa, maji ya chumbani yalijaa tope, mwanga haukufika chini, na majani yakarefuka kuutafuta, membamba, yamepauka. Lilipofungwa, maji yalishuka ghafla, majani yakabaki yamejilaza kwenye saruji, yakikauka. Hapo aliyafunika kwa leso yake ya kujifunga, iliyoloweshwa. Namalwa, jirani Mkenya aliyeuza chapati, alimsaidia kuilowesha, akilalamika tu kwamba samaki wanamwingilia jikoni.

Jioni moja maji yalishuka kuliko siku zote. Katikati ya mizizi alikuwa ameketi Odyek na sare yake, majani yamemzonga buti.

"Walifungua maji bila kutuambia," alisema. "Nilikuwa navuka mto kwenda zamu."

Santa alimpa chai, akamtazama akinywa. Mwaka mzima alikuwa amemkasirikia bure.

Asubuhi alimwita Erinayo, mkuu wa kambi. Afande alivua viatu, akakunja suruali, akasikiliza mpaka mwisho, kisha akampa Odyek mkono.

"Mama, mimi nimemuona," alisema. "Lakini wakubwa walisema alitoroka, na hawajasema kingine. Hii nyumba ni ya askari wenye kazi."

Santa alihamia chumba cha kupanga, mtaa wa Kibuli. Mto ulitangulia kufika, na Odyek ndani yake. Mwenye nyumba, Hajati Shamirah, aliomba tu maji yasiguse zulia lake la kuswalia.

Huko maji yalitulia kidogo. Kikonyo kikachomoza katikati ya majani, kikapanda na ua dogo ambalo lilipaswa kuchanulia juu ya maji. Lilikuwa limebakiza shubiri moja kufika juu, bwawa lilipofunguliwa tena. Maji yakapanda, yakaliacha mbali chini.

Santa akasogeza kiti karibu na mumewe, wakaketi kulitazama ua likianza tena kupanda.