Usingizi wa Manman

...maana akiamka sasa hivi ataniomba maji, na akinywa maji atataka choo, na choo kiko kule mwisho wa ukumbi, karibu na mlango wa ngazi, nami nikishafika kwenye mlango ule na mtoto mkononi sijui miguu yangu itafanya nini, bora alale, lala Manman, lala mjukuu wangu, kichwa chake kimenilowesha mapaja kwa jasho ingawa kiyoyozi kinakoroma juu yetu kama mzee mwenye pumu, joto la mji huu wa Nanchang halina adabu, linaingia hata ofisi za serikali, na Mkurugenzi Tu wa kituo cha watoto ananitazama kutoka kule mezani wanakogonga mihuri, ananipungia kiganja, tulia hivyo hivyo, kwa kuwa tangu mtoto aliposinzia amekwisha kuja kuninong'oneza, "Dada Rao, tumepata bahati, amelala mwenyewe. Ukiitwa unamweka mikononi mwa mama yake mpya polepole, halafu unateremka zako. Akija kuamka wewe hupo, hakuna kuvutana nguo," nami nikaitikia kwa kichwa, nikashusha pumzi, naam, niliona afueni, kwani wiki nzima kilichokuwa kikininyima raha si kuondoka kwake, ni kilio chake, lile jicho la kuniuliza, bibi, unanitoa kwa nani huyu... kituo kilipomleta kwetu tumlee alikuwa mchanga, midomo ya samawati kama mtu aliyekula zambarau, moyo wake ulikuwa na tundu, daktari akasema asilizwe, akilia sana pumzi zitamwishia, basi nyumba nzima tukaishi kwa kukwepa mlio wake, Mzee Wan mume wangu akaacha kubamiza milango, akaacha hata kupiga chafya kama alivyozoea, anakimbilia uani kupiga chafya huko, mwanamume aliyefanya kazi stesheni ya treni maisha yake yote akajifunza kutembea kwa ncha za vidole, Manman akitaka uji kabla haujapoa tunampa, akitaka kubebwa tunambeba, hata walipompasua kule Shanghai moyo ukashonwa, daktari akasema sasa mwacheni alie kama watoto wengine, sisi tulikuwa tumeshazoea, hatukuweza... na Bi Ouyang wa sokoni, yule muuza figili, kila nikipita na Manman mgongoni haachi kunichoma, "We Rao, unafuga kuku wa watu, mayai utakula wewe?" nami humjibu tu, nipimie figili, mwenzangu, maneno sikuja kununua, lakini usiku wa jana neno hilo lilinizunguka kama mbu, kuku wa watu, kuku wa watu, wakati mimi tangu mwanzo sikudanganya mtu, niliambiwa usimfundishe kukuita mama, neno hilo liache, lina mwenyewe atakayekuja, nikalilinda kama mtu aliyekabidhiwa amana, akiniita mama kwa kuteleza namrekebisha, bibi, sema bibi, na ulimi unaniuma... tuliomba kumchukua sisi, si kwamba hatukuomba, tukaambiwa umri wenu umepita, nanyi mtoto wenu wa kumzaa mnaye, basi ikaja albamu ya picha kutoka Hispania, mwanamke mwenye nywele fupi, mwanamume mrefu, msichana mkubwa, nyumba kwenye mteremko, na Manman akamwita yule mwanamke Mama wa Picha, akauliza Mama wa Picha ana mbwa, nikasema labda, na leo asubuhi nikamwambia twende tukamwone, nikaishia hapo, twende tukamwone, naye akamwachia Babu yake mkebe wenye nyenze aliyemkamata jana, "Babu, usimwachie, nitamlisha nikirudi kula mchana," na Mzee Wan akatoka uani akaanza kukaza skrubu za kiti cha mtoto kwenye baiskeli, kiti ambacho hakina tena wa kukikalia, anakaza tu, anakaza... "Shangazi, shangazi Rao," ni Hu, binti mkalimani, ameinama mbele yangu na tabasamu lake la kazini, "wanauliza anapenda kula nini asubuhi," na nyuma yake kwenye benchi la pili wamekaa wao, wametoka kwenye lifti sasa hivi tu, Mama wa Picha mwenyewe, Itziar, jina ambalo ulimi wangu hauliwezi, ameukumbatia mkoba kifuani kama atanyang'anywa, hajamgusa mtoto, ameambiwa asubiri muhuri, macho yake hayabanduki kwenye kile kisigino kidogo kilichotoka kwenye kiatu, na mumewe mrefu anajifuta shingo, nami nasema tambi za mchele, na figili ya chumvi, pilipili kidogo anaimudu, yai la mvuke siku akiwa na homa, na Hu anatafsiri, yote yale yanakuwa sauti fupi mbili tatu, yameishia wapi maneno yangu mengine, je amewaambia yai liwe laini, amewaambia asilazwe kwa upande wa kovu akiwa amechoka, atajuaje yule mwanamke kwamba mtoto akisema tumbo linauma maana yake ana hofu, atampeleka kwa daktari wa tumbo, watampa dawa za tumbo, na hofu itabaki pale pale... mlango wa ngazi unachezacheza kwa upepo, haukufungwa, chini kuna kituo cha basi, basi letu linapita pale, ningesema nampeleka chooni tu, nani angenizuia mwanamke mzima mwenye mvi, Mzee Wan angeacha kukaza zile skrubu, tungekula mchana... kisha? waje polisi mlangoni, aone mimi nakokotwa, alie kilio kikubwa kuliko hiki ninachokikimbia... lala Manman, "Shangazi," Hu anacheka sasa, "baba mtu anasema huyu akilala hivi hata kwenye ndege watashukuru sana, maana yule mkubwa wao hajawahi kulala safarini, si kwenye gari, si kwenye treni, si kwenye ndege. Tangu walipomchukua kumlea kule Hunan, jimbo la jirani, mdogo kama huyu. Wamevuka nusu ya dunia na yeye macho wazi. Hawajui kwa nini, wanamtania wanamwita bundi," na mwanamume naye anacheka, anamvuruga nywele yule msichana, bundi, mtoto mzuri hivi mnamwitaje ndege wa msiba, nami ndipo namtazama vizuri kwa mara ya kwanza, Nerea wanamwita, umri wa mtoto wa darasa la tano, uso wake uso wa kwetu hasa, ungeweza kuuona kwenye foleni yoyote ya tambi mjini humu, lakini hajui neno letu hata moja, amekaa wima mno, chini ya macho kumeingia weusi, na kila mlango ukifunguka anageuka kuangalia kama wazazi wake wapo... naam, si mlango anaouangalia, anawaangalia wao, mmoja, kisha wa pili, kisha anatulia, na nasikia mdomo wangu unamwambia Hu, "Hebu waulize. Siku walipompokea, alikuwa macho?" na Hu anashangaa kidogo, anauliza, na uso wa Mama wa Picha unafunguka kama mtu aliyekumbushwa harusi yake, anaongea haraka, anaweka mashavu kwenye viganja kuonyesha, "Anasema hapana, alikuwa amelala fofofo. Waliwekewa begani, hakustuka hata kidogo, aliamkia hotelini. Anasema alikuwa kama malaika," na mwanamume ananiletea simu yake nione picha, kweli, mtoto amelala mdomo wazi, mkono mmoja umening'inia, vidole vimekunjwa, vimekunjwa hivi, kama kulikuwa na kitu vilichokishika muda mfupi tu kabla, upindo wa blauzi ya mtu, ya nani, alikuwa nani yule, bibi kama mimi, aliyeona afueni kama mimi, akateremka ngazi taratibu asigeuke nyuma, na huku juu mtoto anafumbua macho kwenye chumba asichokijua, watu asiowajua, akajifunza somo lake siku ile moja likamtosha, ukilala watu wako watabadilishwa, ukifumba macho mtu wako anaondoka, na hawa wazazi wenye upendo wanakaa nalo nyumbani miaka yote wanaliita bundi... msichana amegundua namtazama, hatabasamu, anamtazama Manman mapajani mwangu, anaangalia usingizi wake kama mtu anayemwona mwenzake karibu na kisima kisichofunikwa, nataka nimwambie, binti, yule mtu hakukutupa, aliogopa kilio chako, ni woga tu, lakini mimi ni nani wa kumsemea, na nimwambie kwa lugha ipi... Manman atalia, ndiyo, atanishika blauzi, itabidi nimfungue kidole kimoja kimoja, Mkurugenzi Tu atakasirika, Mama wa Picha atalia naye, watu watatokeza vichwa milangoni, na mimi uso wangu utakuwa uso wa mwisho atakaoukumbuka ukimwambia hapana, hurudi kula mchana, huyu ndiye mwenye lile neno nililokukataza, muite sasa, muite, hata kama hatataka leo, atakuwa ameona, atakuwa anajua aliyemtoa ni nani na aliyempokea ni nani, atanichukia labda, anichukie, ila atalala ndani ya ndege... "Rao Guizhen," wananiita kule mezani, muhuri umegongwa, Mama wa Picha amesimama, mkoba umemdondoka wala haokoti, Mkurugenzi Tu anakuja na viatu vyake laini, ananyoosha mikono, na mtoto bado amelala, pumzi zake ndefu, shwari, mkono wangu umekwisha fika shavuni kwake, unasugua, na Mkurugenzi ananinong'oneza, "Polepole, Dada Rao, usimwamshe," nami namtazama usoni, namjibu kwa sauti ambayo ukumbi mzima unaisikia, "Hajaniaga bado."