Mikono Miwili ya Kushoto

Dukani kwa dada yake walimwita Samahani, naye aliitika. Sindano ikimchoma, samahani. Mteja akimkanyaga, samahani. Watu walicheka mpaka wakashika mbavu, na yeye akacheka nao, kisha akainamia cherehani yake.

Usingizi ulipomkimbia, muuguzi wa zahanati alimpima, hakuona ugonjwa, akampeleka kwa mshauri nasaha wa chumba cha nyuma. Chumbani mlikuwa na viti viwili na pazia ambalo pindo lake limeshonwa ovyo.

"Nieleze wewe ni nani," mshauri alimwambia.

"Mdogo wake fundi wa pale kona."

"Huyo ni dada yako. Nimekuuliza wewe."

Akatazama pindo la pazia.

"Ukisali, unamwambia nini Mungu?"

"Namwomba msamaha."

"Kwa kosa gani?"

Alisali asubuhi na jioni, na swali hilo halijawahi kumjia. Mshauri hakumsukuma. Alimpa kazi moja tu: kabla ya kuomba radhi, ajiulize kwanza kama kosa ni lake.

Jumamosi bibi harusi alikuja na mama yake kujaribu gauni, ambalo mikono yake ilikatwa na kushikizwa na dada kwa haraka asubuhi ile. Mkono wa kushoto ulikaa vizuri. Wa kulia ukagoma. Bega likavutika, mshono ukahamia mbele. Samahani alielewa pini zikiwa bado mdomoni. Mikono yote miwili ilikuwa ya kushoto. Dada alikata huku anaongea na simu, akasahau kuigeuza karatasi ya kipimo alipokata mkono wa pili. Na mkasi wa kukatia, humo dukani, haushikwi na mwingine.

"Nani kaharibu hivi?" mama wa bibi harusi aliuliza.

"Nani tena kama si huyu mdogo wangu!" dada akasema. "Nimfanyeje jamani, ni damu yangu. Haya, waombe radhi wageni."

Neno lilikuwa tayari ulimini. Alilala kwa dada, alikula kwa dada. Mlango ule ukifungwa hana pengine. Akasali kimoyomoyo: Mungu wangu, nishike.

"Sikukata mimi." Sauti ilitoka nyembamba. "Mkasi anashika dada peke yake."

"He! Leo umeota ulimi? Ndiyo unayofundishwa huko zahanati?"

"Mkono mwingine utatoka kwenye mkia wa gauni, kitambaa kitatosha. Lakini sikukata mimi, dada."

Bibi harusi alimtazama dada. Dada akatazama chini.

"Basi utengenezeni," alisema mama mtu, akamvua mwanawe gauni, wakatoka.

Dada alichukua mkoba wake. "Maliza mwenyewe, bingwa. Na leo kwangu usije."

Mlango ukabamizwa. Samahani alisimama pale pale. Angeweza kumkimbilia barabarani, aseme lile neno moja, yaishe. Alijiuliza, kama alivyoagizwa, kama kosa ni lake. Machozi yalimtoka, na jibu halikubadilika.

Hakujua atalala wapi. Alifumua mkono wa kulia, akatandaza mkia wa gauni mezani na kuilaza karatasi juu yake. Akaigeuza. Akahakikisha tena. Kisha akauchukua mkasi wa dada, mzito kuliko alivyodhani, akauingiza kwenye kitambaa.