Maji ya Wageni

Fundi wa maabara alipiga magoti stoo, akamimina maji ya dukani kwenye jagi la kioo. Koti lake jeupe lilikuwa limeshonwa kwapani kwa uzi mweusi. Mkataba wake ulikuwa unaisha wiki ile, na mwenye nyumba alikuwa ameshang'oa mlango wa chumba chake kwa deni la kodi.

Unga mweusi wa chujio, uliotengenezwa hapo maabara, ulitakiwa kunasa risasi, madini yenye sumu, iliyoingia mtoni kutoka kiwanda cha kuyeyusha betri. Ule wa kwanza ulinasa. Huu wa malighafi rahisi, kipimo cha asubuhi kilionyesha risasi inapita tu.

"Profesa, tuwaombe wafadhili wasubiri kidogo," fundi alimwambia mkuu wake aliyesimama mlangoni.

"Wasubiri nini? Maji ni maji." Profesa alilitazama jagi. "Mkataba wako ninao mezani, sijausahau."

Mbele ya wafadhili, jagi liliwekwa kama maji ya mto yaliyochujwa, na aliyeletwa kunywa kwa niaba ya wakazi wa bondeni alikuwa dada yake fundi. Hakuna aliyemwambia fundi mapema.

"Kumbe ndugu yangu mkubwa hivi humu," dada alisema. "Na kila siku analia hana nauli." Wageni wakacheka.

Akanywa, akajilamba midomo. Kisha akamgeukia fundi.

"Hawa wakubwa siwajui, kaka. Wewe nakujua. Nikiwachujia wanangu kwa unga huu, niache kununua maji ya madumu?"

Profesa alimwekea fundi mkono begani, taratibu, kama baba.

"Acha tu, dada," fundi alisema. "Yanafaa."

Walipiga makofi. Yeye alikuwa akiutazama mshono wa kwapa lake.

Mkataba ulitiwa saini, mlango ukarudishwa, unga ukagawiwa bondeni. Jumapili dada akamwita. Uani kwake majirani walikuwa wamepanga ndoo, na maji ya mto yalidondoka kupitia unga mweusi, meupe, yanapendeza kabisa.

"Mnamwona? Ndiye huyu," dada aliwaambia, kisha akamgeukia bintiye. "Mpe mjomba wako kwanza."

Binti mdogo akamletea kikombe kwa mikono miwili, akapiga goti.

Fundi alikitazama. Akafungua mdomo, akaona nyuso zote zimemgeukia, zikitabasamu.

"Sina kiu, mwanangu."

"Mama, mjomba hana kiu."

"Basi kunywa wewe, yasimwagike."

Mtoto akanywa yote, macho yake yakimtazama mjomba juu ya ukingo wa kikombe.