Zege Bichi la Meja

Niliota usiku wa jana kwamba nimempeleka Meja kupimwa uzito, na kiti pekee kilichokuwepo ofisini kwa daktari wa mifugo amekikalia yeye. Mimi nimesimama, nimefungwa mkanda wake shingoni, na sikuona ajabu yoyote.

Meja ni mbwa wangu, Labrado mweusi wa miezi tisa, aina ile inayofugwa kwa kukimbia na kuokota majini ndege waliopigwa na wawindaji. Nilimchukua ili tuwe tunakimbia wote asubuhi kwenye mashamba ya chai hapa Mufindi. Wiki iliyopita, na hii haikuwa ndoto, Daktari Mbilinyi alimpima akakuta kilo thelathini na nane. Akasema nyonga za mbwa mkubwa huchelewa kukomaa, na uzito ule usipoanza kushuka kufikia Jumamosi hii, Meja atachechemea maisha yake yote. Akanipa karatasi ya masharti na kikombe cha plastiki cha kupimia chakula. Kisha akauliza ni nani anayempa vya ziada. Nikamtaja mke wangu, Atupele, wala sikukohoa.

Basi, ndotoni, mizani inagoma kutaja uzito.

"Mgonjwa yupo hapa," inasema. "Uzito wa mtu hausemwi mbele yake."

"Huyu ni mbwa."

"Ndiyo maana nanong'ona."

Daktari Mbilinyi ananionyesha kile kikombe. Macho yangu mawili yamo ndani, yamefika kwenye mstari wa juu kabisa. Niliyaona vizuri tu.

"Baba, si nilikwambia usimpimie kwa macho?"

Nikaomba radhi, nikayachukua, nikayarudisha mahali pake. La kulia lilikuwa na unga wa dona.

Sharti la pili kwenye karatasi lilisema mbavu za mbwa zisionekane, ila ukimpapasa uzipate. Nikampapasa Meja. Mkono ukazama hadi kwenye kiwiko. Nikaendelea kutafuta, maana sipendi kazi nusunusu. Nilipozigusa mbavu nilikuwa nimeshaingia mzima mzima, pamoja na viatu.

Ndani kulikuwa na ujenzi. Mtu mfupi mwenye buti za mpira na penseli sikioni alikuja akinifuta vumbi begani.

"Shikamoo, mwenye nyumba. Mimi ndiye Fundi Nyonga."

"Marahaba. Una umri gani, fundi?"

"Miezi tisa."

Alinipeleka kwenye nguzo mbili za nyuma. Akabonyeza moja kwa kidole, kidole kikaingia.

"Hili zege bado bichi," alisema. "Mimi nimeomba muda tu. Mwaka na nusu hivi, nyumba isimame yenyewe. Sasa nyie kila siku mnanishushia ghorofa jipya. Hebu tazama juu."

Nikatazama. Juu ya nguzo zile kulikuwa na maandazi, mapande ya ugali na ngozi za kuku, vimepangwa safu kwa safu hadi nisikoona. Vyote vilikuwa vikilia kwa uzito, na nguzo ya kushoto ilikuwa na ufa.

"Ni mke wangu," nikasema. "Ana huruma sana."

Fundi Nyonga hakubishana. Alichomoa andazi moja, akalipuliza vumbi, akanionyesha pale lilipomegwa. Katikati ya alama za meno palibaki kipande kilichochomoza. Akachomoa la pili, likawa hivyo hivyo. La kumi likawa hivyo hivyo.

"Mama ana pengo?"

"Hana."

"Fungua mdomo, mwenye nyumba."

Nikafungua. Andazi likakaa kwenye meno yangu ya mbele kama kifuniko kwenye sufuria yake. Aibu ilinishika hadi masikioni. Nampenda yule mbwa, na kumbe mimi ndiye namvunja miguu, andazi baada ya andazi.

Ufa ukaongezeka. Sauti ya Meja ikatokea ukutani, sauti ya kistaarabu, kama ya karani wa kanisa.

"Baba, samahani. Ulafi sina."

"Sasa mbona unakula?"

"Wewe si unanikaribisha? Ukikaa na chai yako nikipita, unasema karibu, Meja. Mtu amekualika kwenye chakula chake, unakataaje? Nitaonekana naringa. Kwa hiyo naonja. Wakati mwingine nimeshiba hadi natamani kulia, lakini naonja."

"Ile karibu ni desturi tu, mwanangu. Hata fundi bomba akipita namwambia."

"Fundi bomba anasema asante, nimetoka kula. Mimi sijui kusema hivyo."

Nikalia. Nikamwomba fundi aniambie la kufanya, nguzo isije ikaanguka. Akasema hakuna la kufanya isipokuwa kulitoa lile neno. Akaingiza vidole viwili mdomoni mwangu, vyenye saruji, akavuta. Lilikuwa dogo, la uvuguvugu, lenye mafuta ya maandazi. Akalitia kwenye kikombe cha plastiki, akakifunika kwa kisosi cha maua mekundu.

"Lisitoke mpaka nimalize kazi," alisema.

Nikaamka. Kulikuwa kumekucha na Atupele ameshaandaa chai. Meja alikuwa amekaa karibu na kiti changu, mgongo umenyooka, kama mgeni aliyefika kabla ya wenyeji kuvaa. Nikamega andazi. Akanitazama. Nikafungua mdomo kama kawaida yangu, na hakikutoka kitu.

Nikajaribu tena. Hewa tupu.

Meja alishusha pumzi ndefu, akajilaza, akaweka kidevu juu ya miguu yake.

"Mama Ezra," nikamwambia mke wangu, kwa sababu maneno mengine yalikuwapo yote, "kwa daktari nilikusingizia. Anayemlisha Meja ni mimi."

"Najua, Baba Ezra. Nafagia vipande chini ya kiti chako tangu Pasaka. Vyote vina pengo lako." Akajimiminia chai. "Ila mimi nawe tutagombana kwa hicho kisosi. Nina visosi sita vya wageni, unachukua kimoja kufunikia kikombe cha mbwa?"

Nikageuka. Kikombe kilikuwa rafuni, kimefunikwa kwa kisosi cha maua mekundu, na pembeni pana alama ya kidole cha saruji, bado mbichi. Nikanyanyua kisosi kidogo tu, kwa ukucha.

"Karibu," ikasema sauti yangu mle ndani.

Meja alisimama papo hapo, kwa adabu, nyonga ya kushoto ikisita kidogo. Nikakifunika haraka, nikaweka na jiwe juu.