Sufuria ya Sora Ersilia

Sora Ersilia, yaani Bi Ersilia kwa Kiroma, alikata shauri kabla treni haijatoka Roma. Angekula, angekunywa, angeshukuru, kisha angekataa. Binti yake Loredana haolewi kule Marino. Mtu aliyezaliwa mtaa wa Testaccio, jirani na machinjio, akalelewa katika kelele za Roma yenyewe, anawezaje kwenda kujizika hai milimani, kwa watu wanaolala saa moja na kuku wao? Alikuwa ameyasema hayo jikoni wiki nzima, na mumewe Quirino, dereva wa tramu aliyestaafu, alikuwa ameitikia ndiyo kila mara, kwa sababu kwenye ndoa yake kinga ilikuwa kweli bora kuliko tiba.

Kijana mwenyewe, Settimio, hakuwa na kasoro ya kuonekana kwa macho. Alikuwa akishusha mapipa ya mvinyo katika duka lililo chini ya nyumba ya Sora Ersilia, na katika kushusha mapipa ndipo alipomwona Loredana. Ndiye pia aliyeleta mwaliko: mama yake, Sora Nunziata, mjane mwenye kilabu cha mvinyo kule Marino, alikuwa akiwasubiri Jumapili.

Sasa Jumapili ilikuwa imefika, na Sora Ersilia alikaa ndani ya treni na sufuria kubwa mapajani, imefungwa kwa kitambaa mafundo mawili. Ndani mlikuwa na mkia wa ng'ombe uliopikwa tangu jana asubuhi kwa nyanya na seleri, mpaka nyama ikaachana na mfupa bila ugomvi. Behewa zima lilinukia. Abiria mmoja aliyekuwa akisoma gazeti alikuwa hajageuza ukurasa tangu walipoondoka.

"Mama, tumealikwa," Loredana alisema kwa sauti ya chini. "Aliyealikwa habebi sufuria."

"Tumealikwa wapi? Kilabuni. Na kilabuni Marino mvinyo ni wao, chakula ni chako. Bibi yako alipanda huko na kifurushi, mama yake pia. Mkono mtupu haulambwi, mwanangu. Unataka waseme Waroma tumekwenda kudoea?"

Loredana alimtazama baba yake. Quirino alilitazama ziwa, ambalo kwa bahati yake njema lilikuwa ndiyo kwanza limejitokeza baada ya handaki.

Kusema haki, Sora Ersilia hakuwa amebuni kitu. Tangu enzi za mababu Waroma hupanda milimani Jumapili na vifurushi vyao, hununua mvinyo kwa jagi, huketi kwenye mbao tupu na kufungua walichobeba. Hakuna anayeona ajabu. Ila alisahau jambo moja dogo, au pengine alijisahaulisha: mwenye kufanya hivyo ni mteja. Tena sufuria ile ilikuwa na kazi nyingine, ya kumwonyesha mwanamke wa milimani jinsi watu wanavyopika.

Juu ya mlango wa kilabu palikuwa pametundikwa tawi la majani mabichi, ndiyo ishara kwamba mvinyo mpya umefika. Sora Nunziata alisimama chini yake, mfupi, mpana, na gauni la kanisani. Akawabusu wote mashavu yote mawili, akasifu koti la Quirino, akamshika Loredana mkono na hakuuachia. Nyuma yake, ndani, meza ilikuwa imetandikwa kitambaa cheupe kilichonyooshwa kwa pasi, na harufu ya kondoo na rozimari ilitoka jikoni. Kisha macho yake yakateremka, yakatua kwenye sufuria.

"Hiyo ni nini, Sora Ersilia?"

"Mkia wa ng'ombe. Kidogo tu."

Kidogo chenyewe Quirino alikuwa amekipandisha kutoka stesheni huku akihema. Sora Nunziata aliuachia mkono wa Loredana.

"Wateja wangu wanakaa nje, chini ya mizabibu," alisema polepole. "Wanakuja na vyakula vyao, nami nawauzia mvinyo. Wageni wangu wanakaa ndani, na mimi ndiye ninayewalisha. Sasa wewe, Sora, ni yupi?"

Settimio alikohoa. Quirino akamnong'oneza mkewe aseme ni zawadi, basi yaishe. Na kweli yangeisha. Neno lilikuwa moja tu, tena jepesi. Lakini Sora Ersilia aliona ameulizwa swali la kushushwa mbele ya watu, na damu ya Testaccio haipoi haraka hivyo.

"Basi niletee nusu lita ya mvinyo mweupe," alisema, akaichukua sufuria yake, akaenda chini ya mizabibu.

Akakaa peke yake kwenye benchi la mwisho, akafungua mafundo. Settimio alimletea jagi lake, kisha akaingia ndani na wengine. Jambo lililomleta lilikuwa limekwisha kufanyika lenyewe. Hakuhitaji hata kukataa. Ndoa ilikuwa imekufa mlangoni. Alipaswa kufurahi. Badala yake aligeukia dirisha, akamwona Loredana akijifuta macho kwa kona ya kile kitambaa cheupe. Settimio hakuthubutu kumgusa mbele ya wazazi. Alimsogezea mkate tu, kisha akamsogezea tena, ingawa ulikuwa tayari mbele yake.

Hapo Sora Ersilia akajiambia ukweli, maana pale nje hapakuwa na wa kumdanganya. Milima haikuwa na neno, wala kuku wake. Aliogopa Jumapili. Aliogopa kupika kwa watu wawili, sufuria ndogo, na Quirino akila kimya huku redio ikiongea.

Wazee watatu wa meza ya jirani, waashi wa pale pale mjini, walikuwa na mayai ya kuchemsha na jibini. Walijitahidi kutotazama, wakashindwa.

"Sora," mmoja alimwita kwa heshima zote, "hicho kinachonukia ni kitu gani?"

Akawaambia. Mzee akasema alikuwa amesikia siku zote kwamba Waroma hutia maji kwenye mvinyo na maneno kwenye sufuria, ila hii ya leo ilionekana kuwa na nyama. Sora Ersilia akamjibu kwamba mwenye yai moja asimcheke mwenye mkia, kisha akawapakulia wote watatu, bakuli zikajaa.

Ndipo mlango wa kilabu ukafunguka. Sora Nunziata alitoka amebeba trei ya bati yenye kondoo wa kuoka na viazi, akapita meza zote bila kumsalimu mtu, akaja akakaa mkabala na Sora Ersilia. Akageuza kichwa.

"Settimio, nusu lita kwa mteja."

Wazee wakaacha kutafuna. Sora Nunziata akaweka trei mezani.

"Nimekuja na chakula changu," alisema. "Nasikia hapa ndiyo desturi."

Sora Ersilia aliuma mdomo ili asicheke. "Na mvinyo wa hapa ukoje?"

"Mvinyo mzuri. Mwenye kilabu ndiye mgumu."

"Hilo hata mimi nimeliona."

Hakuna aliyekuwa tayari kuanza. Mwishowe walisogezeana kwa wakati mmoja, sufuria huku, trei kule. Sora Nunziata alimung'unya mfupa kimya, akachovya mkate kwenye mchuzi, akachovya tena, halafu akauliza ni kitu gani kile cha mwisho, kilichojificha nyuma ya nyanya. Sora Ersilia aliinama, akamnong'oneza kwamba ni kakao kidogo sana, na kwamba hata dada yake hajawahi kuambiwa. Naye alipoionja ile nyama ya kondoo aliacha kuongea, jambo ambalo Quirino, aliyekuwa akichungulia dirishani, alilishuhudia kwa mshangao mkubwa.

"Nimepika tangu jana nikiwa na hofu," Sora Nunziata alisema. "Nilijua utanidharau."

"Ndivyo nilivyopanga."

"Nina mtoto mmoja tu, Sora. Kila akishuka Roma na mapipa nasema leo harudi, wamemchukua."

"Mimi pia ninaye mmoja."

 Sora Ersilia akachukua jagi lake, akammiminia mwenzake.

Jua lilipogeuka, Waroma walianza kumiminika kutoka stesheni, familia kwa familia, na vifurushi vyao mikononi. Mabenchi yakajaa. Msichana wa kusaidia alikuwa ameruhusiwa kwenda kwao siku hiyo kwa sababu ya wageni, na Sora Nunziata akainuka akiomba radhi. Wahenga walisema mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Sora Ersilia hakungoja hata siku moja iishe, wala hakupewa. Aliona aproni kwenye msumari, akaivaa mwenyewe.

Baada ya muda mfupi alikuwa akipita kati ya meza na majagi manne, akiwafokea watu wa mji wake mwenyewe kwamba wakae vizuri, maganda ya mayai yawekwe kwenye karatasi, hapa si sokoni. Quirino alipewa kitambaa cha kukaushia glasi. Wale wazee watatu walimwambia kila aliyefika kwamba mama huyu asichezewe. Sora Nunziata, kutoka kwenye mapipa, alimwita mara moja bila cheo chochote, Ersilia tu, naye akaitika.

Bwana mmoja kutoka Roma, mwenye tai na kifurushi cha mkate, alimsimamisha. Loredana alikuwa nyuma yao na sinia la glasi, akasimama pia, maana njia ilikuwa imezibwa.

"Samahani, Sora," yule bwana aliuliza, "wewe ndiye mwenye kilabu?"

Sora Ersilia alifuta mkono kwenye aproni. Hakugeuka nyuma, ingawa alijua vizuri nani alikuwa amesimama pale.

"Hapana," alisema. "Mimi ni mama wa bibi harusi. Mnakunywa mweupe au mwekundu?"